Mto wa Usufi

Mimi silali mchana, na wajukuu wangu wananicheka kwa hilo. Nyumba nzima ikishasali adhuhuri, ikala, ikajinyoosha, mimi ndiyo kwanza naanza kuzunguka. Huku nafunua chandarua, kule nainamia kitanda, naweka kiganja mbele ya pua ya kila kitoto kilicholala. "Bibi analinda pumzi zetu," wanasema. Wacheke, kuchekwa hakujaua mtu. Juzi mke wa mjukuu wangu alimlaza mwanawe kifudifudi juu ya mto laini, nikampigia ukelele mpaka jirani akaja na ndoo ya maji akidhani tunaungua. Msichana wa watu akaniona nimerukwa na akili. Nikamwambia: kaa hapa nikueleze kwanza, kisha ndiyo uniite mwendawazimu.

Mimi ni mtu wa Chundwa. Mama yangu alifariki ningali mdogo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, nikasoma kwake nyuma ya pazia, wavulana wakiwa upande wa pili. Nikaolewa Faza, kabla ya vita vya Mjerumani. Mume wangu alikuwa mkata boriti. Akienda mikokoni na wenzake alikaa huko wiki kwa wiki, akarudi mikono imechubuka, magome ya mikoko yamempaka wekundu mpaka ndani ya kucha. Kwa hivyo nyumbani tulibaki wanawake wawili, mimi na mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu.

Nisimsingizie mtu aliyetangulia mbele ya haki. Mavyaa hakuwa mbaya. Mdomo wake ulikuwa na pilipili, hilo kweli, na mimi aliniita "mwana wa mwalimu" kila nilipounguza wali, kama kwamba kusoma ndiko kulikoniharibu mikono. Lakini nyama ilipokuwa chache alinipa mimi. Alizaa watoto wengi akawazika wote, ila huyu mmoja niliyeolewa naye. Wote walimfia wachanga, usingizini. Hakuwataja kwa majina, alisema tu "wale wangu," kisha akatafuta kazi ya kufanya upesi, hata kama ni kufagia palipofagiliwa.

Aliyewachukua ni ndege. Kwetu hakukuwa na mtu asiyemjua: degedege, ndege asiyeonekana, hupita juu ya paa mchana au usiku, na kivuli chake kikimwangukia mtoto usoni, mtoto hutupa mikono, hugeuza macho, basi. Kila nyumba ilikuwa na kinga yake. Wengi walifunga kipande cha mvuje mkononi mwa mtoto, kwa ile harufu yake kali. Wengine walitia hirizi. Mavyaa alifanya yote hayo, kisha akaongeza la kwake.

La kwake lilikuwa mto. Mto mdogo wa usufi, wenye foronya ya kitambaa cha bafta, aliushona mwenyewe alipokuwa na mimba yake ya kwanza. Mtoto alilazwa juu yake kifudifudi, uso ukazama mle kwenye usufi, kisha leso ikavutwa mpaka juu ya kichwa. Ndege akipita aone kisogo tu. "Kisogo hakina mato," alikuwa akisema, na mato ndiyo macho kwa lugha yetu. "Asipoona mato hana pa kuingilia." Tena mtoto akilala hivyo, alisema, hulala kama jiwe, hashtuki wala halii. Hilo lilikuwa kweli.

Mwanangu wa kwanza alikuwa wa kiume. Alitoka arubaini salama, akanenepa, akaanza kucheka ukimgusa kidevu. Nikaanza kujiona na mimi ni mama wa watu.

Mchana mmoja nilikuwa uani nafua winda zake, nepi za siku zile. Mavyaa ndiye aliyemlaza, kama kila siku. Maziwa yakaanza kunitoka yenyewe, nikajua saa ya kunyonya imefika. Nikataka kuingia, mavyaa akanizuia mlangoni. "Mwache. Mtoto akilala namna hii ni baraka." Nikarudi kwenye beseni. Nikafua nguo zote, nikazianika, leso yangu imeloa kifuani mpaka kiunoni, na ndani kimya. Kimya kile kikaanza kunitia baridi. Sikumuomba mtu ruhusa mara ya pili, niliingia.

Nilipomgeuza, pua yake ilikuwa imebonyea upande mmoja. Shavu lilikuwa na alama za mshono wa foronya. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikupata kuiona kwa mtoto na naomba nisiione tena. Sikulia hapo hapo. Nilimwita kwa jina lake, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha.

Mavyaa aliingia akaona. Ukelele aliopiga ulileta mtaa mzima. "Kampitia! Kampitia huyo!" Akatoka uani na mwiko mkononi, kichwa wazi, akimtukana ndege juu ya paa. Kabla ya magharibi mwanangu alikuwa ameoshwa, amezikwa. Alipolazwa chali kwa kuoshwa, mavyaa alininong'oneza, "Waona? Ndiyo maana mimi sitaki mtoto alale chali. Chali hulazwa maiti."

Wakaja watu. Sabiri. Mwenyezi Mungu amechukua amana yake. Ni kipepeo wa peponi. Nikaitikia kwa mdomo, na Mungu anisamehe, moyo wangu haukuwepo. Moyo wangu ulikuwa chumbani kwenye ule mto. Kwa sababu nilipomwinua mwanangu niliona kitu, na sikumwambia mtu. Katikati ya mto palikuwa na shimo dogo, limelowa, lina umbo la pua na mdomo. Nilitia kidole nikalipima kina. Nilijiuliza: ndege gani huyu asiyegusa kisogo, asiyegusa leso, akaacha alama yake chini, ndani ya mto?

Kesho yake mavyaa aliuanika juani. Ulipokauka aliupiga-piga ukafura tena, akautia kashani. "Wa mwenziwe atakayekuja," akasema.

Miezi ya mimba ya pili sikuila kwa raha. Wanawake wenzangu walidhani naogopa uchungu wa kuzaa. Uchungu! Uchungu una mwisho wake. Mimi nilikuwa naogopa kasha. Nilikuwa nikipita karibu nalo najikinga tumbo kwa mikono miwili. Na hofu yangu ilikuwa na vichwa viwili, hilo mnielewe vizuri. Mchana nilisema mto ndio uliomuua mwanangu. Giza likiingia, popo akipiga bawa kwenye makuti, nilisema: je, kama ndege yupo kweli? Nikimgeuza huyu chali akaja akamwona macho, nitamwambia nini Mungu wangu? Niliapa kwamba hayupo, na bado nilikuwa namsikia.

Akazaliwa msichana. Mkunga alipomweka kifuani mwangu nilihesabu pumzi zake mpaka nikasahau kuuliza ni wa kike au wa kiume. Mavyaa akafungua kasha.

Sikuwa na nguvu ya kupigana naye. Mzazi ndani ya arubaini ni kama mfungwa: unakandwa kwa maji ya moto, unanyweshwa uji wa pilipili manga, unaambiwa lala, unalala. Nilichofanya ni ujanja. Akimlaza kifudifudi, nangoja atoke, namgeuza. Nilichomoa uzi mmoja wa usufi kwenye pembe ya mto, nikawa naushika mbele ya tundu za pua ya mwanangu. Ukicheza, nashukuru. Ukisimama, damu nayo inanisimama, mpaka ucheze tena. Nikisikia nyayo za mavyaa namrudisha kifudifudi haraka haraka, nageuza shavu lake upande wa hewa, najifanya nimelala. Mtu na mwanawe, anamwiba kama mwizi wa kuku!

Siku moja, kabla ya akika, ile karamu ya kumchinjia mtoto, nilikandwa sana. Joto lile na uji ule vikanilegeza. Nilimlaza mwanangu chali ubavuni mwangu, kitandani juu ya mkeka, uzi wa usufi mkononi. Usingizi ukanibeba.

Kilichoniamsha ni kimya. Kile kile! Nilikijua kabla sijafumbua macho, kama unavyoijua sauti ya mtu. Nikapapasa ubavuni, mtoto hayupo. Nikageuka. Alikuwa upande wa pili wa kitanda, juu ya mto, kifudifudi, leso mpaka kichwani, na uso wake wote umezama. Hakuwa anatikisika hata kidogo.

Sikumbuki kumshika. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, mimi niliyekatazwa hata kukaa wima, na mwanangu nimemwinua mbele ya uso wangu. Midomo yake ilikuwa imeanza ile rangi. Nikampuliza usoni. Nikampiga mgongoni kwa kiganja. Nikamwita. Ya Rabbi, si huyu, si huyu pia! Kisha akavuta pumzi moja yenye mlio, akakunja uso, akalia. Wallahi mimi nimesikia qasida za maulidi na vigelegele vya arusi, sijasikia sauti nzuri kuliko kilio kile.

Mavyaa akaja mbio. "Kuna nini?"

"Umemrudisha kwenye mto!"

"Nilimkuta chali, macho wazi kwenye paa! Umelala umemwacha mato nje! Wataka huyu naye achukuliwe?"

"Na huyu alikuwa anachukuliwa na nani sasa hivi?" nikasema. Sauti ilinitoka ambayo sikujua ninayo. "Hakuna ndege, mama! Hakuna ndege yeyote katika paa hili! Kuna mto! Mto ndio unaokula watoto!"

Akasimama kama niliyempiga kofi. Mimi nilitazamia matusi, na matusi alikuwa nayo ya kutosha mji mzima. Hakutukana. Alitazama juu, kwenye makuti, akaniambia kwa sauti ndogo, "Usimwambie hayupo. Akisikia ataudhika." Ndipo nikaona kwamba anatetemeka kuliko mimi. Tulikuwa wanawake wawili wenye hofu moja, tumeifungia njia mbili. Lakini siku ile sikumhurumia. Nilitaka kuutia ule mto motoni na yeye akiutazama.

Mume wangu alirudi kutoka mikokoni kwa ajili ya akika. Hajaosha hata miguu, kila mmoja anamvuta sikio lake. Maskini, alikaa kizingitini, mama upande wa nje, mke upande wa ndani. Mwishowe akanigeukia. "Lakini mke wangu, mama ndiye aliyenilea mimi. Mto ni huo huo. Mbona mimi ni mzima?"

Aliyejibu ni mavyaa, tena kwa kujisifu. "Wewe? Wewe hukuulalia hata siku moja. Kitovu chako kilivimba kikawa hivi," akaonyesha ngumi yake, "ukilazwa kifudifudi unapiga kelele mpaka msikitini. Nilikulaza chali kwa dhiki, sina budi, na usiku kucha nalia nikijua utakwenda. Ndege hakukutaka. Hataki mtoto mwenye kidonda, huyo."

Akacheka kidogo, akaendelea kuchambua mchele wa akika.

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nyuma ya pazia na mwanangu. Wote waliolala kwenye mto walikufa, na mmoja aliyelala chali huyo hapo, ana ndevu, anakula tende. Nikamtazama mume wangu kupitia upenyo wa pazia, naye akanitazama. Kokwa ya tende ilikuwa imesimama shavuni mwake. Alikuwa ameelewa. Mavyaa peke yake ndiye aliyekuwa hajalisikia neno alilolisema, na hakuna kati yetu aliyethubutu kulirudia.

Basi nikatafuta mlango mwingine. Baba yangu alikuja kwa punda kutoka Chundwa kula akika ya mjukuu wake. Nilikumbuka kwamba chuoni, mtoto akisinzia kifudifudi juu ya mkeka, baba alimgusa kwa kikoto chake akamwambia ageuke, mlalo huo haupendezi katika dini. Nilimweleza yote, machozi yananitoka mpaka kwenye ndevu zake. Akasikiliza bila kunikatiza. Kisha akakaa upande wa pili wa pazia, akamwita mavyaa kwa heshima zote.

"Bi," akasema, "mtoto mchanga hana dhambi, wala mimi sikuja kukuhukumu nyumbani kwako. Lakini mlalo wa kifudifudi sisi tumefundishwa kuuepuka, hata wakubwa. Nakuomba huyu alale chali, bila mto. Kinga nyingine zote ziache, na mimi nitamsomea."

Kumkatalia mwalimu mbele ya wageni kusingewezekana. "Nimesikia, mwalimu," akasema. Kisha, alipogeuka kwenda jikoni, nikamsikia anajisemea, "Lakini ndege hasomi vitabu."

Mngedhani baada ya hapo nilipumua. Laa! Hofu yangu ndiyo kwanza ilikomaa. Zamani kulikuwa na mavyaa wa kulaumu, sasa mlalo ni wangu, nimeupigania mbele ya watu. Likitokea lolote, mji mzima utasema mwana wa mwalimu amemuua mtoto kwa ubishi. Nilimlaza chali kwenye mkeka mtupu, hakuna mto, hakuna leso juu ya uso, miguu yake karibu na mkono wangu. Mavyaa akaleta kigoda akakaa upande wa pili, chetezo cha ubani miguuni, akilinda paa. Mimi nalinda pua. Siku nenda siku rudi tulikaa hivyo, hatusemezani, yeye macho juu, mimi macho chini, mtoto katikati. Mume wangu alipotuchungulia siku moja alisema tunafanana na askari wa liwali. Hakuna aliyecheka.

Kisha ikaja siku yenyewe. Mchana, upepo umetulia, joto limekaa juu ya nyumba. Mtoto amelala chali, mikono imefunguka. Mara juu ya makuti kukatokea mkwaruzo, kitu kizito kikatua, kikahama. Kivuli kikapita kwenye kidirisha. Na mwanangu, wallahi, wakati ule ule, akashtuka mwili mzima. Akatupa mikono miwili juu, vidole vimetawanyika, macho yakafunguka meupe, akahema.

"Degedege!" Mavyaa alirukia kasha, akatoka na mto. "Mfunike! Mgeuze! Ndiye huyo!"

Nataka niseme kweli hapa. Nilimwamini. Kwa muda ule hakuna alichonifundisha baba kilichobaki kichwani, wala kitovu cha mume wangu, wala lile shimo lililolowa. Nilimwona ndege. Mikono yangu ilikwishamwendea mwanangu kumgeuza, kumficha, kumzamisha popote asionekane. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nyoka wangu sikujua tena yuko juu au chini.

Lililonizuia ni mto wenyewe. Mavyaa aliuweka mbele ya uso wangu, nao ukanijia na harufu yake, harufu ya kasha na ya maziwa makavu. Nikajitupa juu ya mkeka, viwiko huku na huku, mwili wangu ukawa paa juu ya mwanangu, nikisema, "Hapana mama, hapana mama, hapana mama." Alinipiga begani kwa ule mto, akilia, akinisihi, "Atakufa! Mwanangu, atakufa, utanikumbuka!" Mimi nimefumba macho. Sikuthubutu kumtazama mtoto. Nilingoja tu, na kungoja kule ndiko kulikonizeesha, si miaka hii.

Nikasikia mlio mdogo. Kunyonya. Nikafumbua jicho moja. Mwanangu alikuwa amepata ngumi yake, ameitia mdomoni, ananyonya huku macho yanamsinzia. Mikono ile iliyoruka ilikuwa imeshuka. Akavuta pumzi ndefu, akalala tena, chali, tumbo linapanda linashuka. Juu ya paa kunguru akalia, akaruka akaenda zake.

Kunguru! Tulitazamana. Mavyaa alikuwa ameukumbatia mto kifuani. Kigoda kimepinduka, ubani umemwagika, makaa yanachoma jamvi, nikayamwagia maji ya kunywa. Mavyaa akakisimamisha kigoda, akakaa. Lakini tangu pale, niliona, hakutazama tena juu. Alimtazama mtoto. Mtoto alishtuka tena alasiri, akatupa mikono vile vile, na juu ya paa hakuna kitu. Na kesho tena. Mchanga akilala chali hushtuka, ndivyo alivyoumbwa. Mavyaa hakupata kuliona hilo kwa wale wake, kwa kuwa aliowalaza juu ya mto walikuwa hawashtuki.

Siku ya arubaini tulimtoa mtoto nje. Akanyolewa, akapakwa wanja, wanawake wakapiga vigelegele, halua ikaliwa ikaisha. Wageni walipokwenda zao nilimlaza ndani kwenye mkeka. Alikuwa amechoka kubebwa. Nikageuka kukunja leso, nikamwona mavyaa amesimama kando ya kitanda, mto mkononi. Lakini hakuuweka kitandani. Alikuwa ameushika tu, kidole gumba kinapita katikati yake, kinakwenda na kurudi, mahali pale pale nilipotia changu.

"Huyu ni mzima," akasema.

"Alhamdulillahi, mama."

"Na baba yake ni mzima."

Nikaendelea kukunja leso.

"Mwana wa mwalimu." Safari hii hakuna dhihaka. Hakunitazama, alikuwa anautazama mto. "Wale wangu. Mimi niliwalaza kwa mikono yangu. Mmoja mmoja. Nikawafunika vizuri." Akaugeuza mto. "Wewe umesoma. Hebu niambie. Ni nani aliyewachukua?"

Nilikuwa na jibu. Jibu hilo nililibeba tangu siku ya shimo la mto, nililipigia kelele chumba kile kile, na kulikuwa na siku ambazo ningetoa dhahabu yangu yote ili aniulize. Mwanangu wa kwanza alikuwamo ndani ya jibu lile. Nikamtazama mwanamke yule mzee, mabega yamemshuka, vidole vimezama ndani ya usufi.

"Ni ndege, mama," nikasema. "Kila mtu anajua. Ni ndege."

Akaniinulia macho. Alinitazama muda, na sijui mpaka leo kama aliniamini. Kisha akautia mto kashani, akafunga kifuniko, akakaa juu yake.

"Basi funga dirisha," akasema.

Nikaenda nikalifunga.